Kisigino kinavyowaweka benchi maveterani wa Kusini

RUANGWA. Siku ambayo Simba au Yanga wanashuka Uwanja wa Majaliwa, Ruangwa nzima inahamia uwanjani. Watu wanakuja kwa bodaboda, kwa malori na kwa miguu, wengine wanatoka Nachingwea jirani, wote wamekuja kuwaona Namungo FC, ‘Wauaji wa Kusini’.

Humo jukwaani hakosekani baba wa miaka 45 hivi, jezi mgongoni, sauti imemkauka. Filimbi ya mapumziko ikilia, anainuka. Hatua ya kwanza anakunja uso. Ya pili anakanyagia vidole. Ya tano na ya sita anaanza kutembea kama watu, na akifika kwa muuza maji huwezi kujua kama alikuwa anachechemea.

Huyo ukimuuliza atakuambia ni uchovu tu. Jumamosi amekipiga na maveterani wenzake, Jumapili yupo jukwaani, Jumatatu yupo shambani au kazini. Kila asubuhi akishuka kitandani, kisigino kinamchoma kama amekanyaga msumari.

Wataalamu wa fiziotherapia wanalijua tatizo hilo hata kabla hajamaliza kusimulia. Linaitwa planta fashaitisi. Kati ya watu 10, mmoja hulipata wakati fulani maishani, na kundi linaloumia zaidi ni la miaka 40 hadi 60. Ndiyo miaka ile ile ya mchezaji wa timu ya maveterani.

KAMBA YA UNYAYO

Chini ya unyayo kuna utando mgumu, mnene, unaoanzia kwenye mfupa wa kisigino na kwenda kushika chini ya vidole. Kazi yake ni kama kamba ya upinde. Upinde ni lile tao la mguu, na kamba ndiyo inayozuia tao lisibonyee ukisimama. Ukiinua kisigino ili upige hatua, vidole vinakunjika kwenda juu, kamba inakazika, mguu unakuwa mgumu kama ubao na unakusukuma mbele. Mchezaji anayechomoka kuwahi pasi ndefu anaitumia kamba hiyo kwa nguvu zote.

Mzigo ukizidi uwezo wa kamba, sehemu inaposhikana na mfupa wa kisigino inaanza kuchakaa. Zamani madaktari waliamini ni uvimbe wa ndani, na hata jina lenyewe linasema hivyo. Lakini vipande vilivyochukuliwa kwa wagonjwa waliofanyiwa upasuaji vilionyesha zaidi nyuzi zilizochakaa na kupoteza mpangilio kuliko uvimbe. Ndiyo maana vidonge vya kutuliza uvimbe vinapoza maumivu kwa siku chache, halafu mambo yanarudi palepale.

Kwa nini asubuhi? Ukilala, mguu unanyooka, vidole vinaangalia chini, kamba inapumzika ikiwa imejikunja. Ukishuka kitandani unaivuta ghafla na uzito wote wa mwili. Ukitembea kidogo inalegea. Ukikaa tena muda mrefu, iwe kwenye kiti cha basi au jukwaani dakika 45, hadithi inaanza upya.

Waingereza wa zamani walikiita ‘kisigino cha polisi’, kwa sababu askari wa doria walikuwa wanasimama na kutembea kutwa nzima. Kwa historia ya Nachingwea jina hilo lingewafaa wengi. Hapa ndipo serikali ya kikoloni ya Uingereza ilipoleta mpango wake mkubwa wa karanga kuanzia mwaka 1947, uliokufa baada ya miaka michache tu. Na hapa ndipo wapiganaji wa FRELIMO walipiga gwaride na kujifunza vita chini ya Samora Machel kabla ya Msumbiji kupata uhuru mwaka 1975. Visigino vilivyotumika kwenye ardhi hii ni vingi kuliko mechi zote za ligi.

Siku hizi ni mwendo wa korosho na ufuta. Msimu wa korosho ukianza, mkulima anainama na kuzunguka chini ya mikorosho kuanzia alfajiri, kisha anasimama foleni ghalani kupima mzigo. Mguuni ana ndala iliyolika kisiginoni au yeboyebo. Jioni anabadilisha, anavaa njumu, anaingia kwenye uwanja wa udongo uliokauka kama saruji. Uzito umeongezeka kilo kadhaa tangu enzi zake za umisseta, misuli ya nyuma ya mguu imekaza, na mazoezi anafanya mara moja kwa wiki, yaani siku ya mechi yenyewe. Ukitaka kutengeneza maumivu ya kisigino kwa makusudi, huhitaji kuongeza kitu.

MCHEZAJI WA LIGI NA JIRANI YAKE

Namungo ilipanda Ligi Kuu mwaka 2019. Msimu wake wa kwanza tu, chini ya kocha Mnyarwanda Hitimana Thierry, ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam na kufungwa na Simba mabao 2-1 mjini Sumbawanga, Agosti 2020. Kwa kuwa Simba walikwenda Ligi ya Mabingwa, tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika ikaja Ruangwa, na Namungo wakaenda hadi hatua ya makundi. Kwa wilaya ambayo miaka michache nyuma mashabiki wengi nchini hawakuijua iko wapi, hiyo si kazi ndogo.

Klabu ya kiwango hicho inakuwa na daktari wa timu na mtu wa viungo. Mchezaji akisema kisigino kinauma asubuhi, mchana kimeshabonyezwa, kimefungwa tepu na programu ya mazoezi imepunguzwa. Zamani kazi hiyo yote alipewa ‘mchua misuli’, jamaa mwenye chupa ya dawa ya kupuliza na ndoo ya maji. Mpira umebadilika, mchua misuli peke yake hatoshi tena.

Jirani yake wa timu ya maveterani hana mtu huyo. Wataalamu wa fiziotherapia nchini bado ni wachache na wengi wako hospitali kubwa. Chuo cha KCMC kule Moshi kimekuwa kikiwafundisha kwa miongo kadhaa, lakini kutoka Moshi mpaka Nachingwea ni mbali kwa maana zote mbili. Mtu wa kusini anayehitaji kuonwa anaanzia hospitali ya wilaya yake, na akipewa rufaa anaweza kujikuta Ndanda, Hospitali ya Sokoine mjini Lindi, au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini kule Mtwara. Nauli, siku ya kazi iliyopotea, na mtaalamu atataka umrudie.

Kwa hiyo wengi hawaendi. Wanaanza kuzunguka. Mmoja anaambiwa ana gauti, anaacha nyama. Mwingine anapigwa picha ya eksirei, unaonekana mwiba wa mfupa umechomoza chini ya kisigino, anarudi nyumbani amekata tamaa akijua anatembea juu ya mwiba. Ukweli ni kwamba miba hiyo inaonekana kwa watu wengi ambao hawana maumivu yoyote, na wapo wanaoumia vibaya bila mwiba wowote. Kwa kawaida mtaalamu mzuri hahitaji picha. Anasikiliza habari ya asubuhi, anabonyeza sehemu ya ndani ya kisigino kwa chini, anavuta vidole juu kuona kama maumivu yanaongezeka, basi.

SINDANO YA KUCHEZEA FAINALI

Hatari kubwa kwa mchezaji iko hapa. Fainali ya bonanza ni Jumapili, ng’ombe amefungwa pembeni ya uwanja, na nahodha kisigino hakikanyagiki. Mtu anamwambia kuna sindano, ukichomwa leo kesho unaruka kama swala.

Sindano hiyo ya steroidi ipo na inafanya kazi, hilo halina ubishi. Inapoza maumivu kwa wiki kadhaa. Tatizo ni kwamba baada ya miezi michache aliyechomwa na ambaye hakuchomwa huwa hawatofautiani sana, na katikati hapo kuna bei ya kulipa. Steroidi inaweza kudhoofisha ile kamba ikakatika, na inaweza kupunguza ule mto wa mafuta uliopo chini ya kisigino, ambao haurudi kirahisi. Mchezaji asiyesikia maumivu anakimbia kwa nguvu zake zote juu ya kamba iliyodhoofika. Ikikatika anasikia ‘paa’ chini ya mguu, michubuko inatokea kwenye tao, na hapo si suala la Jumapili tena, ni miezi.

Hata wenye kila kitu yamewakuta. Peyton Manning, mmoja wa wachezaji wakubwa kabisa wa mpira wa Kimarekani, akiwa na miaka 39 alikaa nje wiki kadhaa mwaka 2015 kwa sababu ya kamba hiyo ya unyayo wa kushoto. Alirudi mwishoni mwa msimu, na Februari 2016 timu yake ya Denver Broncos ikachukua Super Bowl. Lakini alirudi baada ya kukaa nje, tena akiwa na jeshi la madaktari. Nahodha wa maveterani hana jeshi.

Sindano ni uamuzi wa daktari baada ya njia nyingine kushindwa, na aliyechomwa anatakiwa apumzike, siyo aingie uwanjani. Anayekuuzia sindano ya kuchezea fainali anakuuzia mechi moja kwa bei ya msimu.

TAULO, NGAZI NA SUBIRA

Habari njema ni kwamba tiba kuu ya fiziotherapia kwa tatizo hili haihitaji mashine. Zaidi ya watu wanane kati ya 10 wanapona bila upasuaji ndani ya mwaka mmoja. Habari mbaya kidogo ni hilo neno ‘mwaka’. Wengi wanaacha mazoezi wiki ya pili kwa sababu hawajaona muujiza.

Zoezi la kwanza linafanyika kabla mguu haujagusa sakafu. Unakaa ukingoni mwa kitanda, mguu unaouma unaupandisha juu ya goti la pili. Kwa mkono unashika vidole vya mguu na kuvivuta kuelekea kwenye ugoko, mpaka kamba ya chini ikakazika. Kwa mkono wa pili unaigusa uhakikishe imekaza kweli. Unahesabu hadi 10, unaachia, unarudia mara 10. Unafanya hivyo mara tatu kwa siku, na ya muhimu kuliko zote ni ile ya asubuhi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2003, uliohusisha wagonjwa 101 waliokuwa wameumwa kwa muda mrefu, ulionyesha kunyoosha kwa namna hiyo kulisaidia zaidi kuliko kunyoosha misuli ya nyuma ya mguu peke yake baada ya wiki nane.

Misuli ya nyuma isisahaulike, maana ikikaza inaivuta kano ya kisigino, na kano inaongeza mzigo kwenye kamba. Unasimama umeshika ukuta, mguu mbovu nyuma, goti limenyooka, kisigino kimegusa chini, unaegemea mbele. Wachezaji wengi wanalijua zoezi hilo. Kasoro yao ni kulifanya sekunde tano huku wakipiga stori.

Zoezi la pili ndilo linaloshangaza watu, kwa sababu linataka uupe mzigo mguu huo huo unaouma. Watafiti wa Denmark walichapisha matokeo yake mwaka 2015. Wagonjwa 48 waligawanywa, wote wakapewa soli za ndani ya viatu, kundi moja likanyoosha, lingine likafanya zoezi la nguvu. Baada ya miezi mitatu wale wa nguvu walikuwa na nafuu zaidi. Baada ya mwaka makundi yalilingana. Kwa mchezaji, hata hivyo, kupona mapema ni jambo la maana, msimu haumsubiri mtu.

Linafanyika hivi. Unasimama kwenye ukingo wa ngazi ya baraza au juu ya tofali imara, kisigino kinaning’inia nje. Chini ya vidole unaweka taulo au khanga iliyoviringishwa, ili vidole vikunjike kwenda juu na kamba ikaze. Ukishikilia ukuta, unapanda kwa mguu mmoja kwa sekunde tatu, unakaa juu sekunde mbili, unashuka kwa sekunde tatu. Polepole, hakuna kurukaruka. Wadenmark walianza na mara 12 kwa seti tatu, siku moja wanafanya, siku inayofuata wanapumzika. Mguu ukizoea waliongeza mzigo kwa begi la mgongoni lenye vitabu, na idadi ikapungua hadi 10, kisha nane, huku seti zikiongezeka. Kusini begi la vitabu si lazima. Begi la shule la mtoto likijazwa mchanga linatosha, na uzito utaujua mwenyewe ukishindwa kupanda mara ya 13. Ambaye mguu mmoja unamshinda aanze na yote miwili.

Maumivu kidogo wakati wa zoezi yanaruhusiwa. Wataalamu wengi wanatumia kipimo cha 0 hadi 10, yakibaki chini ya nne au tano na asubuhi ya kesho yake hayajazidi, endelea. Yakizidi asubuhi, ulikuwa umekula mzigo usio wako.

Tepu nayo ina nafasi yake. Ikifungwa vizuri chini ya tao inapunguza maumivu kwa siku chache hadi wiki kadhaa, na mwenzio akionyeshwa mara moja na mtaalamu anaweza kukufunga nyumbani. Mtaalamu anaweza pia kukukanda kwa mikono unyayo na misuli ya ugoko kwa nyuma, au kukupa kifaa cha kulalia kinachouzuia mguu usinyooke usiku kucha. Kukivaa ni mateso kidogo, lakini kwa wale ambao hatua ya asubuhi ndiyo inawaua kinasaidia kikivaliwa mwezi mmoja hadi mitatu. Kusukuma chupa ya maji yaliyoganda kwa unyayo dakika chache jioni ni kituliza maumivu kizuri. Mwongozo wa wataalamu wa fiziotherapia wa Marekani uliorekebishwa mwaka 2023 unaunga mkono kunyoosha, tiba ya mikono na tepu. Ile mashine ya ultrasound ya kupashia joto kisigino, ambayo baadhi ya vituo hutoza hela kila ukienda, mwongozo huo hauitaki.

Mawimbi ya mshtuko ni kitu kingine. Ni mashine inayopiga kisigino kwa mapigo makali, kwa kawaida mara moja kwa wiki kwa wiki tatu hadi tano, kwa watu walioumwa miezi sita na zaidi bila nafuu. Yanasaidia baadhi, yanauma, na kwa mkoa wa Lindi siyo huduma ya kuitafuta kwanza.

Halafu viatu. Ndala bapa zipumzike, hata ndani ya nyumba yenye sakafu ya saruji. Raba yenye kisigino kilichoinuka kidogo na soli isiyokunjika katikati inafanya kazi kuliko dawa nyingi za kupaka. Njumu ndefu kwenye uwanja mkavu zinauchoma mguu kutoka chini. Za meno mafupi mengi, au raba kabisa, ndizo za viwanja vya vijijini wakati wa kiangazi. Waliotupa soli za ndani za njumu ili kiatu kiwatoshe, wazirudishe.

ASIYEPASWA KUSUBIRI

Siyo kila kisigino kinachouma ni hicho. Maumivu yanayoamsha mtu usiku, mguu kufa ganzi, kisigino kuvimba na homa, au kisigino kinachouma kikibanwa kulia na kushoto baada ya kuongeza mbio ghafla, hayo yanataka daktari, maana mfupa unaweza kuwa na ufa. Aliyesikia kama kapigwa teke nyuma ya mguu na sasa hawezi kusimamia vidole, aende siku hiyo hiyo, kano yake ya kisigino inaweza kuwa imekatika. Mtoto wa miaka 10 au 12 anayelalamika kisigino baada ya mechi ana tatizo lake lingine la mfupa unaokua, asipewe mazoezi ya baba.

Mwenye kisukari awe makini zaidi ya wote. Barafu na maji ya moto ya kukandia vinaweza kumuunguza bila yeye kusikia, na kidonda cha mguu kwake ni habari nyingine kabisa.

KURUDI UWANJANI

Hakuna anayelazimika kukaa miezi yote hiyo akiangalia wenzake. Wiki za mwanzo mbio zinapungua, hazifi. Baiskeli, ambazo Nachingwea na Ruangwa zimejaa, zinatunza pumzi bila kupigiza kisigino chini. Mchezaji anayeweza kutembea nusu saa asubuhi ya kesho yake isiwe mbaya, anaanza kukimbia dakika moja na kutembea dakika moja, kwenye nyasi au udongo laini. Akifika dakika 20 za kukimbia mfululizo bila kulipa asubuhi, anaongeza pasi na kugeuka. Mikimbio mikali na kuruka vichwa vinakuja mwisho, kwa sababu hapo ndipo kamba inavutwa kuliko kote.

Mechi ya kwanza anaingia dakika 20 za mwisho, akiwa amepasha misuli, tepu mguuni, na kocha ameambiwa mapema kwamba leo hapigi kona zote. Zoezi la ngazi linaendelea mara mbili kwa wiki hata baada ya maumivu kuisha, na khanga ya chini ya vidole inabaki palepale barazani.